Kutega na Kutegua

Mtegaji hana sifa njema mbele ya watu. Askari husifiwa kwa ushujaa, mkimbiaji kwa mbio zake, msemaji kwa ulimi wake. Lakini mtu ambaye hushinda akiwa amelala kwake, kwa kazi aliyoifanya jana, aghalabu huitwa mjanja, na neno hilo halitamkwi kwa heshima. Hata barazani ni hivyo hivyo. Mchezaji wa bao anayemlisha mwenzake kete mbili ili baadaye ampokonye kumi na nne huondoka akinung'unikiwa, kana kwamba amechukua kitu kisicho chake.

Mji wa Rumonge, ulioko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kusini mwa Bujumbura kwa mwendo wa kilometa zisizopungua 70, hauna haki ya kuudharau ufundi huo. Sehemu kubwa ya mji hula kwa mtego. Katika usiku usio na mwezi wavuvi huingia ziwani na taa zao, zamani karabai na siku hizi mara nyingi taa za betri, huwasha, kisha hungoja. Wadudu wadogo wa majini huufuata mwanga, ndagala huwafuata wadudu hao, na mikeke, ambao ni walaji wa ndagala, huja nyuma yao wakidhani wamepata karamu. Wavu uliotandazwa chini huinuliwa, na wote hukutwa humo, mwindaji na mwindwa. Mwezi ukiwa mpevu kazi hiyo husimama, kwa kuwa ziwa zima lina mwanga na taa haimwiti mtu tena. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba mtego huo haukufichwa. Ndicho kitu kinachoonekana kuliko vyote katika maji yale.

Katika mji huo anaishi sajini mmoja mstaafu wa jeshi la Burundi. Alivushwa ziwa akiwa mtoto wa mgongoni katika machafuko ya mwaka 1972, akakulia Kigoma, na huko ndiko alikojifunza bao la Kiswahili kutoka kwa wazee waliokuwa hawana haraka. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kila kete iko mahali pa wazi ambapo mchezaji, mpinzani wake na watazamaji wote huiona. Asiyelijua angedhani kwamba hapo hapawezi kuwa na mtego. Lakini bao lina sheria moja kali: mwenye nafasi ya kula hana ruhusa ya kuiacha. Apende asipende, lazima ale. Basi mchezaji kama sajini huyu huweka kete mbili mahali ambapo mwenzake atalazimika kuzila, huku akiwa amekwisha kuhesabu kwamba kete hizo zikisambazwa zitaishia katika shimo fulani, na kwamba shimo hilo likijaa litakabiliana na shimo lake yeye. Mwenzake anauona mlango, anauona na mtego ulio nyuma yake, na bado hana budi kuingia. Wako wanaosema kuwa huo si mchezo wa kiungwana. Wanaosema hivyo, kwa kawaida, ni wale waliofungwa.

Katika likizo ya Julai na Agosti alifika nyumbani kwa sajini mpwa wake wa miaka 16, ambaye wazazi wake ni miongoni mwa wakimbizi wa mwaka 1972 waliopokewa Marekani kuanzia mwaka 2007. Kijana alizaliwa huko, lakini Kiswahili alikipata jikoni kwa mama yake, na alikisema vizuri, ingawa alikisema haraka. Katika mkoba wake alikuja na kitabu kinene chenye picha, karatasi na mfuko wa madadu ya ajabu: lenye pande 4, lenye pande 8, na moja lenye pande 20 lililofanana na jiwe la pete.

Yafaa msomaji aelezwe mchezo wenyewe, maana hauchezwi kwa ubao wala kwa karata. Ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, Wamarekani wawili, kwa jina la Dungeons & Dragons; na mji ulikotolewa, Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, nao ni mji wa ziwani kama Rumonge. Mtu mmoja huwa msimuliaji. Wengine kila mmoja humuunda mhusika wake na kumwandika katika karatasi: nguvu zake, maarifa yake, mali aliyobeba. Msimuliaji husema, "Mmefika mtoni, daraja limekatika," na wachezaji hujibu wahusika wao watafanya nini. Pale ambapo jambo laweza kufaulu au kushindikana, dadu hutupwa. Hakuna mshindi wala mshindwa. Kuna hadithi tu ambayo hakuna aliyejua mwisho wake ilipoanza.

Kijana alitaka kuunda mtegaji. Rafiki zake huko alikotoka walikuwa na mpiga panga, mchawi na padri, naye akataka awe mtu wa matanzi, mashimo na kamba zisizoonekana. Kumbe si kazi rahisi. Mwaka 1975 mchezo huo uliongezewa mhusika wa aina ya mwizi, na miongoni mwa stadi zake za mwanzo ilikuwa kuondoa mitego, wala si kuitega. Mitego ilikuwa mali ya msimuliaji. Gygax mwenyewe alitunga kaburi moja lililojaa mitego kwa ajili ya mashindano ya mwaka 1975, na lilipochapwa mwaka 1978 likapata sifa ya kuwaua wahusika kuliko jeshi lolote la majoka. Sababu yake iko wazi kwa mtu aliyewahi kuvaa sare. Mtego humfaa anayengoja, na wahusika wa mchezo huo hawangoji. Ndio wanaoingia katika nyumba za wengine. Mtegaji aliye safarini ni kama mvuvi anayekimbia na taa yake huku na huko ziwani.

Kijana alimweleza mjomba wake shida hiyo jioni moja baada ya chakula, na sajini, ambaye hadi wakati huo alikitazama kitabu kile kama mtu atazamavyo kitabu cha lugha ya kigeni, akavuta kiti karibu.

"Wewe umempa nini?" akauliza.

Kitabu hutoa tarakimu sita, yaani 15, 14, 13, 12, 10 na 8, zigawiwe katika tabia sita za mhusika. Kijana alikuwa ameweka 15 katika wepesi wa mikono, 14 katika akili, na 8, iliyo ndogo kuliko zote, katika busara. Sajini akauliza busara katika kitabu hicho ina maana gani. Akajibiwa kwamba ndiyo inayomfanya mhusika aone na asikie, atambue nyayo, ajue kama mtu anadanganya.

"Basi huyu atatega vizuri sana," akasema sajini, "mahali pasipopita mtu."

Wakafuta. 15 ikaenda kwenye busara, 14 kwenye wepesi. Sajini alitaka 8 iwekwe kwenye mvuto, kwa kuwa mtegaji hana haja ya kupendwa, lakini mkewe, aliyekuwa akichambua ndagala kwa ajili ya kesho yake, akasema bila kuinua macho kwamba mtegaji asiye na mvuto atamleta nani mtegoni. Neno hilo lilikuwa na uzito na likakubaliwa. Mvuto ukapata 13. Nguvu ndiyo iliyopewa 8, na kwa sababu mtego wa chuma wenye meno unaouzwa katika kitabu hicho una uzito wa ratili 25, ikaamuliwa kwamba mtegaji atanunua punda.

Mtego huo wa chuma ulimkasirisha kijana. Bei yake ni vipande 5 vya dhahabu, na madhara yake ni dadu la pande 4 tu, maana yake humwumiza adui kwa pointi 1 hadi 4, wakati upanga wa kawaida hutumia dadu la pande 8. Lakini sajini alisoma maelezo hadi mwisho, jambo ambalo vijana hawalifanyi, au tuseme kijana alimsomea na kumfasiria. Mtego ukimnasa mtu, mtu huyo husimama. Haendi mbele zaidi ya urefu wa mnyororo mpaka ajinasue. Hapo sajini akaeleza kanuni ambayo kila mhandisi wa medani hufundishwa katika wiki za mwanzo: kizuizi kisichotazamwa na kisicholindwa kwa silaha si kizuizi. Waya wa miiba, handaki, gogo barabarani, vyote hivyo havikuwekwa ili viue. Kazi yake ni kumkawiza adui mahali ambapo wenzako wamekwisha kulenga. Kwa hiyo mtegaji peke yake si kitu. Mpiga panga, mchawi na padri ndio meno ya mtego wake, na yeye ndiye anayeamua mapigano yatapiganwa wapi.

Na ile shida ya safari? Sajini alileta bao lake na kuonyesha kwa kete. Kama huwezi kungoja, basi fukuzwa. Wenzako wakaingia, wakachokoza, wakarudi mbio kwa njia waliyoijua, na njia hiyo ndiyo iliyotegwa kabla ya kuingia. Anayekimbiza huwa hana tena nafasi ya kuchagua. Ni kama mwenye nafasi ya kula barazani. Chambo ni migongo yenu wenyewe. Kijana aliandika yote hayo kwa Kiingereza pembeni mwa karatasi.

Kazi ya usimulizi ilimwangukia mke wa sajini, kwa kuwa kijana hakuweza kuwa mchezaji na msimuliaji kwa wakati mmoja, na sajini alikataa katakata. Mama huyo hakusoma kitabu. Alikuwa na miaka mingi ya hadithi za jioni na vitendawili, akaona kwamba hakuna kipya. Kwa Waswahili kitendawili ni mtego kwa jina lake: anayekitoa husema "Kitendawili!", wanaosikiliza humwambia "Tega!", na anayekipatia jibu husemwa kuwa amekitegua. Aliyeshindwa hulipa mji. Mchezaji wa tatu alikuwa binti yao wa miaka 12, aliyejiundia mlinzi wa kike mwenye mkuki na ambaye, katika kila jambo, alitaka kutangulia.

Jioni ya kwanza ilikwenda vizuri. Wanyang'anyi walifukuza, wahusika wakakimbia, na katika njia ya kuelekea darajani kulikuwa na mitego mitatu ya chuma chini ya majani. Miwili ilifyatuka. Dadu la pande 20 lilizungushwa chini ya taa, watu wakapiga kelele hata jirani akachungulia, na kijana akaonekana amemzaa mhusika aliyemtaka. Siku iliyofuata mvua ilinyesha na hawakucheza. Siku ya tatu wahusika walimaliza shughuli zao ng'ambo ya mto na wakawa wanarudi kwao.

"Nani yuko mbele?" akauliza mama.

"Mimi," akasema binti.

Mama akamtazama kijana. "Una neno la kusema kabla hajalifikia daraja?"

Kijana alikuwa anatafuta dadu lililoanguka chini ya meza. Akasema hana neno.

Mtego wa tatu ulifunga. Dadu la pande 4 likatoa 3, binti akacheka na kumsuta kaka yake, kijana naye akacheka, akisema kwamba amesahau na kwamba pointi 3 si kitu. Sajini, ambaye alikuwa amekaa kando tu akisikiliza, aliondoka akaenda uani, akasimama huko akiuelekea upande wa ziwa. Taa za wavuvi zilikuwa zimekwisha kuwashwa. Alikaa huko kwa muda mrefu kuliko mtu anayepunga upepo.

Ni lazima isemwe kwamba katika nyumba ile kuna desturi ambazo mgeni hawezi kuzijua. Dumu tupu haliachwi njiani. Mfuko wa plastiki ukipeperushwa hadi katikati ya kijia, mtu huuondoa kabla baba hajapita. Mkewe alizijua desturi hizo kwa kuziona, hakuna aliyemtamkia. Wanajeshi wa Burundi walianza kuwasili Mogadishu katika kikosi cha Umoja wa Afrika mwezi Desemba 2007 na wakatumika Somalia kwa zaidi ya miaka 15, na miongoni mwa silaha zilizowasumbua huko kuliko nyingine ni bomu la kutegwa kando ya barabara. Sajini alikuwa mhandisi. Kazi yake ilikuwa kwenda kwa miguu mbele ya magari. Aliporudi hakusema kitu, na mkewe, kama wake wengi wa askari, hakuuliza, akaishia kuokota madumu.

Usiku ule alisema. Hakusema kwa urefu, wala hakumtaja mtu kwa jina. Alisema kwamba mabomu waliyoyatafuta asubuhi yalikuwa ya mtu anayewangoja wao, na hayo aliyazoea, maana yule adui alikuwa akifanya kazi yake naye akifanya yake. Lakini yako mengine yaliyokuwa yametegwa zamani, na aliyeyatega labda amekufa, au amehamishwa, au amesahau kwa sababu mvua ilinyesha siku ya pili. Siku moja walifika mahali wakachelewa. Hapakuwa na vita mahali hapo tena. Alikuwa mtoto mwenye mbuzi watatu.

Kisha, kana kwamba ameona haya kwa kusema mengi, akageuka kuwa mwalimu. Akamweleza kijana kwamba nchi ya Burundi yenyewe ilitegwa katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Kwamba mwaka 2003 iliridhia Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997 unaopiga marufuku mabomu ya ardhini dhidi ya watu. Na kwamba haikutangaza kuwa imemaliza kuyaondoa ila mwaka 2011. Hesabu miaka hiyo. Hata kabla ya marufuku, sheria za vita, kwa itifaki iliyorekebishwa mwaka 1996, zinamdai anayetega mabomu hayo aandike ni wapi ameyatega, na aihifadhi karatasi hiyo. Askari asiyeandika amevunja sheria, hata kama kila alichokitega kilimpata adui.

"Lugha yako yenyewe imekwambia," akamwambia. "Kutega, kutegua. Ni neno moja. Wewe umejifunza nusu."

Mtu aweza kusema kwamba huo ulikuwa mzigo mzito mno kwa mchezo wa watoto. Labda. Kijana alikuwa na machozi, na binti akamwambia mama yake kwamba mguu wa mlinzi wake hauumi tena, kwa hiyo waendelee. Lakini si kweli kwamba mchezo ulikuwa mdogo. Kila mtu mezani alikuwa ameiona njia ile ya daraja mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyeikumbuka isipokuwa aliyekuwa msimuliaji.

Mhusika alifanyiwa marekebisho kesho yake. Kijana alitafuta daftari la shule lenye mistari, akachora safu nne: mahali, siku, ishara, umeteguliwa. Ishara ilikuwa ni jiwe, fundo la jani au alama katika mti, ambayo wenzake wangeijua na adui asingeijua. Sajini alitaka pia ustadi wa vifaa vya kutegulia uandikwe, na kwa bahati kitabu kinauruhusu. Ndio ule ustadi wa mwizi wa mwaka 1975, ukarudi kwa mlango wa nyuma. Jambo lisilotarajiwa ni kwamba mtegaji aliyelazimika kurudi kwa kila mtego alikuwa mchezaji bora zaidi. Alitega michache. Alichagua mahali kwa makini, maana alijua atapaswa kupafikia tena, na mara mbili aliwashika wanyang'anyi ambao hawakuwa wameona mtego wowote ila mtu aliyeinama akiutegua.

Mwezi Agosti ulipokwisha kijana alirudi Marekani na kitabu chake, madadu yake na chupa mbili za mawese ya Rumonge alizopewa kwa ajili ya mama yake. Daftari alilichukua. Rafiki zake wa huko hawajui kusoma vichwa vya safu zile nne, lakini amewazoesha kungoja kila wanapoondoka mahali, mpaka amalize kupiga mstari.

Sajini bado hutega barazani kila alasiri, na bado hununguinikiwa. Jumapili kijana hupiga simu. Huzungumza kwanza na mama, kisha na binti, ambaye hutaka kujua habari za mlinzi wake kana kwamba amemwachia ndugu wa kumlea. Simu ikimfikia sajini haulizi habari za wanyang'anyi wala za dhahabu. Huuliza imebaki mingapi. Mara ya mwisho jibu lilikuwa mmoja, katika kivuko cha kaskazini, kwa sababu mchezaji mwenzao aliugua na wiki mbili zimepita bila kukutana.

"Umeandika?" akauliza sajini.

Kijana akasema ameandika.

"Nisomee."